Kumbe hewa chafu ndiyo inayotupumuza

Kila aliyekulia na jiko la mkaa anaijua hii. Makaa yana unyevu hayataki kushika, pepeo halionekani, umeinama umepuliza weee mpaka mashavu yanauma, halafu ukisimama tu dunia inazunguka, vinyota vinaruka mbele ya macho na midomo inafanya ganzi. Uliza nyumbani utaambiwa pumzi imekuishia, au moshi umekupanda kichwani. Moshi una lake sikatai, lakini hata ukipuliza maputo ya harusi nje barazani, pasipo moshi wala jivu, ni kizunguzungu kile kile. Mimi ni nesi, nimefanya kazi huku visiwani Lamu miaka kadhaa sasa, na ningependa hili tulimalize leo: hewa haikukuishia. Oksijeni imejaa tele kwenye damu yako. Kilichokuishia ni ile hewa nyingine tunayoiita chafu, hewa ukaa, kabonidayoksaidi. Umeipuliza nje kupita kiasi na mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo imejibana kwa sababu hiyo, ndo maana kichwa chepesi.

Nikiwaambia watu hivi barazani wananiangalia kwa jicho la huruma, ati huyu dada kusoma kumemzidi. Na siwalaumu, shuleni tuliimbishwa oksijeni inaingia, kabonidayoksaidi inatoka, nzuri ndani mbaya nje, mtihani ukaja tukajibu tukapata alama zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba ile mbaya ndiyo inayoamua utavuta pumzi saa ngapi.

Hebu bana pumzi hapo ulipo. Endelea kusoma.

Baada ya muda kifua kinaanza kubana, koo inameza meza yenyewe, halafu unafika mahali huwezi tena, unaachia. Sasa wengi wanadhani hapo ndo oksijeni imekwisha. Wapi. Ukiwa na kale kamashine ka kubana kidole kanakopima oksijeni, kale tulikokazoea wakati wa Korona, ukikavaa wakati umebana pumzi utaona namba iko palepale tisini na kitu, pengine imeshuka kidogo tu pengine haijashuka kabisa, na wewe ushakuwa hoi. Kilichokutesa ni hewa ukaa iliyokusanyika kwa sababu hujaitoa.

Inavyofanya kazi ni hivi, na mie hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penye utamu wenyewe. Hewa ukaa ikikutana na maji inakuwa asidi. Unaijua tayari, ndo hiyo hiyo iliyomo kwenye soda, ule mkwaruzo kwenye ulimi ni asidi ya kaboni. Ndani ya mwili nako ni hivo hivo, kila seli inayofanya kazi inatoa hewa ukaa, inaingia kwenye damu, damu inaelekea upande wa asidi. Na damu haitaki mchezo na asidi, kipimo chake cha pH kinatakiwa kikae kati ya 7.35 na 7.45, nafasi finyu mno, ukitoka hapo sana vimeng'enya vinagoma, moyo unagoma, kila kitu kinagoma.

Sasa kule nyuma ya kichwa, ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu inaitwa medula. Upande wake wa mbele, karibu kabisa na uso wake, kuna seli ambazo kazi yao ni kuonja asidi. Haziko kwenye damu moja kwa moja, ubongo umezungushiwa ukuta wake, na asidi ya damu haipiti hapo kirahisi. Lakini hewa ukaa inapita bila kupiga hodi. Ikishapita inakutana na maji yanayouzunguka ubongo, inageuka asidi humo humo ndani, zile seli zinaionja, na hapo amri inatoka: vuta. Misuli ya mbavu na kile kiwambo kilicho chini ya mapafu vinatii, unavuta, unatoa, hewa ukaa inapungua, asidi inapungua, amri inalegea. Usiku kucha umelala unaota, hii kazi inaendelea na hujaulizwa.

Na hizo seli zina wivu si mchezo. Presha ya hewa ukaa kwenye damu inayotoka kwenye moyo kwenda mwilini, ya mtu mzima aliye sawa, ni kama milimita 40 za zebaki. Ikipanda milimita mbili tatu tu, hewa unayopumua kwa dakika inaweza kuwa mara mbili. Mbili tatu! Oksijeni kwa upande wake iko kwenye 100 hivi, na inaweza kushuka mpaka inakaribia 60 ndo mwili uanze kushtuka kwa kweli. Yaani hewa ukaa ikigusa mlango tu tunaamka wote, oksijeni inaweza kutoka na nusu ya vyombo vya nyumba bado tumelala. (Huo ndo mfano wangu pekee wa leo, msinidai mwingine.)

Waliolithibitisha hili ni Mskoti mmoja, John Scott Haldane, na mwenzake Priestley, mwaka 1905. Haldane alikuwa mtu wa ajabu, kazi yake kubwa ilikuwa kujua wachimba migodi wanauliwa na hewa gani, na alipenda kujifanyia majaribio mwenyewe, anajifungia kwenye chumba kisichopitisha hewa anapumua hewa yake mwenyewe mpaka anatweta. Yeye na Priestley walipima hewa inayotoka mwisho kabisa wa pumzi, ile ya ndani ya mapafu, wakaipima juu ya mlima Ben Nevis huko Uskoti na chini kwenye mgodi kule Cornwall, Uingereza, na wakakuta presha ya hewa ukaa haibadiliki badiliki, mwili unaing'ang'ania pale pale. Ukimvutisha mtu hewa yenye hewa ukaa ya ziada anapumua zaidi mpaka airudishe pale pale. Tangu hapo wasomi wakakubali nani anayeshika usukani.

Oksijeni nayo haikuachwa bila mlinzi. Weka vidole vyako pembeni mwa koo pale mshipa unapodunda. Juu kidogo ya hapo, chini ya taya, mshipa huo unagawanyika mara mbili, mmoja unakwenda kwenye ubongo mwingine usoni, na kwenye hiyo njia panda kuna kinofu kidogo cha ukubwa wa punje ya mchele, kimoja kulia kimoja kushoto. Ndo vinavyoonja oksijeni ya damu inayokwenda kichwani, na hewa ukaa na asidi pia vinaionja. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa tuzo ya Nobeli ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kwamba hivi vinofu, pamoja na wenzao wa kwenye mshipa mkuu wa moyo, vinatuma habari kwenye ubongo kuhusu pumzi. Lakini shika neno moja hapa, utalihitaji mbele: vinaonja presha ya oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu. Havihesabu damu imebeba oksijeni kiasi gani kwa jumla.

Ndugu yangu mmoja alipanda Mlima Kenya, akafika Point Lenana, mita 4,985, mtoto wa Amu, yaani Lamu mjini, aliyezaliwa usawa wa bahari, kila kitu kwake kilikuwa maajabu. Kilichomtisha zaidi si baridi, ni usiku kwenye kambi kumsikia mwenzake anapumua mbio mbio halafu kimya, kimyaaa, mpaka anataka kumtikisa, halafu anaanza tena. Hao ni wale walinzi wawili, wa hewa ukaa na wa oksijeni, wanagombana. Juu kule oksijeni ni chache, kinofu cha shingo kinasema vuta vuta, akivuta anapuliza hewa ukaa nje, medula inaona hewa ukaa imeshuka inasema aah kwani haraka ya nini, simama. Anasimama, oksijeni inashuka, kinofu kinapiga kelele tena. Siku chache zikipita figo zinaingilia kati, zinamwaga bikaboneti, ile inayopoza asidi, kwenye mkojo ili damu isiwe na alkali (kinyume cha asidi) mno, na medula inapoa.

Nirudi nyumbani. Kuna msichana wa kidato cha nne aliletwa kwetu wiki za mitihani, kabebwa na watu wanne, mama yake analia, shangazi anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, na vijana waliombeba wanasema kapandwa. Mikono yake ndo iliyowatisha: kiganja kimekunjika kwenye kifundo, vidole vimenyooka vimeshikana pamoja, dole gumba limeingia ndani ya kiganja, ukijaribu kukinyoosha hakinyooki, na mtoto mwenyewe anaona mikono yake inafanya hivo na anazidi kuogopa. Anapumua haraka haraka juu juu. Nilimpima oksijeni, 100 kamili, kifua safi, sukari sawa.

Hofu ilimfanya apumue mbio, pumzi mbio ikatoa hewa ukaa nje, damu ikapoteza asidi yake ikawa upande wa alkali, na damu ikiwa hivo kalsiamu inagandana na protini, ile iliyo huru inapungua, na mishipa ya fahamu ikikosa kalsiamu huru inaanza kujirusha yenyewe bila amri. Ndo vidole vinajikunja. Nikawatoa watu nje wote isipokuwa mama, nikakaa naye, nikamwambia vuta taratibu kwa pua, sasa toa polepole kuliko ulivyovuta, tena, tena, na muda si mrefu vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja tunaviangalia. Mama akasema "subhanallah". Mie ni Mwislamu, siji hapa kukana majini, nasema tu kwamba la siku ile lilikuwa pumzi. Na ile tabia ya kumvalisha mtu mfuko wa karatasi puani ili arudishiwe hewa ukaa yake, acheni jamani, zamani ilifundishwa lakini ukikosea na kumbe mtu ana pumu au moyo au damu imeganda kwenye mapafu unamnyima oksijeni anayoihitaji.

Kinyume chake yupo mgonjwa wa sukari ambaye pumzi zake ni ndefu, za kina, hazikatiki, amelala kitandani anapumua utadhani katoka mbioni. Watu wanadhani ni pumu wanamtafutia inhela. Huyo mapafu yake mazima kabisa, damu yake ndo imejaa asidi kwa sababu insulini hakuna na mwili unaunguza mafuta, na medula na vile vinofu vya shingo vinapiga kengele kwamba asidi imezidi, kwa hiyo anapuliza hewa ukaa nje kwa nguvu zote apunguze asidi kwa njia pekee ya haraka aliyonayo. Mdomo wake mara nyingi unanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliieleza pumzi hii mwaka 1874 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ukimuona mtu hivo, hasa kijana aliyekonda ghafla na anakunywa maji bila kukata kiu, usingoje asubuhi, tafuta boti mkimbie.

Hao wote walau mwili wao unapiga kelele. Kinachonikosesha usingizi mimi ni pale kelele hazipigwi.

Anza na jiko. Huku kwetu madirisha wazi, upepo wa bahari, jiko barazani, hatuna habari sana. Lakini watoto wetu wanakwenda kusoma bara, Limuru, Nyahururu, Julai kule ni jokofu, mtoto wa pwani anaingiza jiko la mkaa chumbani, anaziba chini ya mlango na kanga, analala. Mkaa usiopata hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi haina harufu. Inaishika himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, oksijeni inakosa pa kukaa. Sasa kumbuka lile neno la vinofu vya shingo. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu presha yake haijabadilika, kwa hiyo vinofu vinaona shwari. Hewa ukaa mwilini inatoka kama kawaida, medula inaona shwari. Walinzi wote wawili wanasema shwari na ubongo unakufa njaa ya oksijeni. Mtu hatweti, hakabwi, anasikia kichwa kinauma, kichefuchefu, uchovu, anasema labda malaria, anajifunika vizuri. Hata kale kamashine ka kidole kanadanganyika, kanaona himoglobini nyekundu kanasoma 98. Huyu Haldane niliyemtaja ndiye aliyeonyesha kwamba wengi waliokufa kwenye milipuko ya migodi waliuliwa na hewa hii na si moto, akashauri wachimbaji waingie na ndege wadogo au panya, maana wao wanaanguka mapema kuliko binadamu. Sisi chumbani tuache dirisha wazi na jiko libaki nje, ndege wa nini.

Halafu unga. Nitasema kidogo kwa sababu kila mtaa wa pwani hii, Lamu, Malindi, mpaka Mombasa, una mtu wake na watu hawapendi kuambiwa. Heroini na ndugu zake wote wa afyuni hawaui kwa kusimamisha moyo kwanza, wanaua kwa kulaza pumzi. Medula inaacha kujali hewa ukaa, inapanda 50, 60, 70, na hakuna anayeshtuka. Mbaya zaidi dawa inagusa na lile kundi la seli linalopiga mdundo wenyewe wa pumzi, linaitwa pre-Bötzinger, lilitambuliwa mwaka 1991 (jina limetokana na chupa ya mvinyo iliyokuwa mezani kwenye mkutano wa wanasayansi Ujerumani walipokuwa wanaibatiza sehemu ya jirani yake, astaghfirullah, na sisi tunalikariri darasani). Kwa hiyo kijana unamuona kalala kwenye ngazi anakoroma kwa mbaaali, pumzi chache mno kwa dakika, midomo imekuwa ya zambarau, mboni za macho zimekuwa vitone. Watu wanapita wanasema mwache alale huyo kashalewa. Hajalala huyo. Mtikise, mwite, mlaze ubavu, kama hapumui mpulizie, na mfikishe hospitali kwa haraka maana ipo sindano ya naloksoni inayoing'oa ile dawa kwenye seli na pumzi inarudi hapo hapo unaangalia. Na anayetaka kuacha, kliniki ya methadoni ipo Malindi, anaingia na mguu wake.

Sasa bahari, na hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Jioni maji yakijaa pita forodhani Amu utawakuta vijana wanarukia maji, wengine wanajiandaa na mashindano ya kuogelea ya Maulidi, wengine raha zao tu, na siku hizi kuna mtindo umeingia nadhani wameuona kwenye simu. Kabla ya kupiga mbizi anasimama pale ukingoni anapumua haraka haraka kwa nguvu, hu hu hu hu hu, mabega yanapanda yanashuka, mpaka mwenyewe anayumba, halafu anavuta moja kubwa anazama. Ukimuuliza anakwambia "najaza pumzi dada, nikae na mai muda". Na ni kweli anakaa zaidi! Ndo shida yenyewe, kama isingekuwa kweli wangeacha.

Lakini hakujaza kitu. Damu yake ilikuwa na oksijeni asilimia 98 alipokuwa amesimama tu anakula mabuyu, kwa kupuliza kote kule imekuwa 99, labda na mapafu yameongeza kidogo, basi. Alichofanya ni kuishusha hewa ukaa kutoka 40 mpaka pengine 20 na kitu. Yaani akiba ya oksijeni ni ile ile karibu na ya mwanzo, ila kile kinachomwambia rudi juu amekirudisha nyuma mbali sana. Akiwa chini hewa ukaa inaanza kupanda taratibu kutoka huko chini, ina safari ndefu ifike mahali pa kumkera, na wakati iko njiani oksijeni inatumika. Oksijeni inafika mahali pa kuzimia kabla hewa ukaa haijafika mahali pa kukera. Hakuna maumivu, hakuna hofu, kifua hakibani. Wengine hata wanajisikia vizuri. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani, Albert Craig, alikusanya habari za waogeleaji waliozimia chini ya maji baada ya kupumua hivi wakaokolewa, na walichoeleza ni kwamba onyo lilikuwa dogo au halikuwepo kabisa.

Kina kinaongeza ubaya wake juu ya huo. Ukishuka mita 10, kama pima tano na nusu, presha ni mara mbili ya juu. Mapafu yamebanwa, na oksijeni iliyomo ndani inasukumwa kwenye damu kwa nguvu mara mbili. Kwa hiyo huko chini unasikia uko sawa kabisa, una nguvu, unaona muda bado. Tuseme umebaki na oksijeni yenye presha ya 60 ukiwa chini kule, inatosha, akili inafanya kazi. Sasa unaamua kupanda. Unavyopanda presha ya maji inapungua, mapafu yanafunguka, na ile 60 inakuwa 50, 40, ukifika juu ni 30 na mtu wa 30 hana fahamu. Ndo maana wengi hawazimii chini, wanazimia mita chache za mwisho, au wameshafika juu kabisa kichwa kiko nje. Waliopo kwenye mashua wanamwona anapanda wanasema huyo anakuja.

Wazamiaji wa kamba mawe wa kisiwa cha Pate, hasa Kizingitini, wanaozamia kwa pumzi tu bila mtungi, wazee wao hawapulizi hivo. Nilimuuliza ami mmoja aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake, mikono yake imejaa makovu ya miiba ya kamba na matumbawe, anaandaaje pumzi. Akanionyesha, amekaa kitini: anapumua kawaida tu, taratibu, anasubiri mpaka moyo utulie, halafu moja ndefu inayoanza tumboni inapanda kifuani, kwisha. Akiwa chini anafanya kazi mpaka "tumbo lipige". Nikamwambia hebu nieleze hilo tumbo. Akasema kuna wakati tumbo linaruka lenyewe, teke la ndani, hujalitaka, na likipiga la kwanza yeye anaacha hata kama ameshamuona kamba kwenye pango anamwangalia na ndevu zake nje, anageuka. Hilo teke ni kiwambo kinachojikaza kwa amri ya medula kwa sababu hewa ukaa imefika. Ami hajui medula, ila anaifuata kwa adabu kuliko sisi tulioisomea. Na kijana aliyepuliza hu hu hu hu amelichelewesha lile teke, linakuja baada ya giza au haliji kabisa.

Nilimuuliza pia kati ya mbizi na mbizi anapumzika vipi, akasema anakaa juu muda mrefu kuliko aliokaa chini, na vijana wa siku hizi wanamwona mvivu. Si uvivu. Ukizama tena haraka oksijeni haijarudi sawasawa, na ukihema hema kwa nguvu hewa ukaa inaweza kuondoka kupita kiasi, unazama mara ya pili na deni upande mmoja na onyo limecheleweshwa upande mwingine.

Kitu kingine wanachofanya wazee na hakina gharama yoyote: wawili wawili, mmoja chini mmoja juu anaangalia, si wote chini. Na anayeangalia asigeuke mara tu mwenzake akitoa kichwa. Pumzi ya kwanza ikiingia oksijeni inachukua sekunde kadhaa kutoka kwenye mapafu mpaka kwenye ubongo, na hapo katikati mtu anaweza kukuonyesha kidole gumba, akacheka, halafu akalegea akarudi chini. Muangalie usoni kwa nusu dakika nzima. Midomo ikiwa ya buluu, macho yakitazama pasipo kuona, kichwa kikianza kutikisika, mshike usingoje. Inua kidevu chake kikae juu ya maji, mvue maski, mpulizie usoni, mpige mashavu kidogo huku unamwita kwa jina, mwambie pumua. Mara nyingi inatosha, koo linafunguka anavuta moja ya nguvu. Kama hakuvuta, mzibe pua mpe pumzi mbili za mdomo kwa mdomo hapo hapo majini, huku mwingine analeta mashua, na mkishampandisha kama hana dalili ya uhai endeleeni na pumzi pamoja na kumkandamiza kifua mpaka mfike kwenye msaada. Hata akizinduka vizuri mbizi zake za siku ile zimekwisha na apelekwe akaangaliwe, maji yakiwa yameingia kwenye mapafu tabu inaweza kuja baadaye usiku. Atakataa. Wengi wakizinduka hawakumbuki chochote, kwake yeye alipanda akatoka juu akakuta mmemshika tu, na atabisha na mashua nzima kwamba hakuzimia.